Dhahabu Ndani ya Kipande cha Mkate

Julai 1944, ndani ya behewa la mizigo lililokuwa likitoka Hungaria kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mama mmoja alimwambia binti yake mkubwa wabadilishane viatu. Binti huyo alikuwa Lily Ebert, msichana Myahudi wa miaka 20 kutoka mji mdogo wa Bonyhád. Kwenye kisigino cha kiatu cha mama mlikuwa na vipande vichache vya dhahabu alivyovificha ndugu wa kiume wa Lily kabla hawajatolewa nyumbani, na kimojawapo kilikuwa kidani kidogo chenye umbo la malaika, zawadi ambayo Lily alipewa na mama yake tangu utotoni. Walipofika, mama, mdogo wake Lily wa kiume na mmoja wa mabinti walielekezwa upande mmoja, wakauawa kwa gesi. Lily na wadogo zake wawili wa kike walielekezwa upande wa pili. Wakavuliwa nguo, wakanyolewa nywele, wakapewa namba. Viatu vikabaki miguuni.

Kisigino kile kikaja kuisha kwa kutembea. Ndipo Lily alipokitoa kidani na kukichomeka ndani ya mkate wake, ile posho ya siku iliyokuwa haitoshi hata mtoto. Anayejua njaa ataelewa nasema nini. Mwenye njaa akipewa mkate haufichi, anaula, na akiwa na akili zake anaula haraka kabla hajaporwa. Yeye kila siku mkate ulipoliwa, kidani kilihitaji mkate mwingine wa kujifichia. Aliishi hivyo hadi alipopelekwa kwenye kiwanda cha silaha cha Altenburg, na aliendelea hivyo hadi vita vilipokwisha mwaka 1945. Dhahabu iliyoingia Auschwitz na mwenyewe ikatoka na mwenyewe ni kitu cha nadra mno. Mwaka 1967 alihamia London, na kidani hicho alikivaa shingoni hadi alipofariki Oktoba 2024, akiwa na miaka 100.

Mimi si Myahudi wala sikuzaliwa Ulaya. Nimezaliwa Uvira, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mtoto wa fundi cherehani. Mwaka 1996 vita vilipoingia mjini tulivuka ziwa kwa boti hadi Kigoma, tukapelekwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka huohuo wilayani Kasulu kwa ajili yetu Wakongomani. Baba alibaki nyuma. Alisema atafunga duka kisha atatufuata. Hakutufuata, na hadi leo hakuna aliyekuja kutuambia alimwona wapi mara ya mwisho. Kitu chake pekee tulichovuka nacho ni futi ya kupimia nguo, ile laini ya utepe. Mama alivuka nayo shingoni kwa sababu bunduki zilipoanza kulia alikuwa anampima dada yangu gauni, na katika kukimbia hakupata nafasi ya kuivua.

Sisemi kwamba mateso yetu na yao ni mamoja. Wayahudi milioni 6 waliuawa kwa mpango uliopangwa maofisini, wenye ratiba za treni na hesabu za kila kichwa, na nia ilikuwa asibaki hata mmoja. Silinganishi. Ninashuhudia tu kwamba nilipokuwa mtu mzima huku Marekani, nilipoanza kusoma habari za manusura wale na vitu walivyovitunza, nilikutana na maelezo ya jambo ambalo nyumbani kwetu tulilifanya miaka mingi bila kulitamka.

Na ili vitu hivyo vieleweke, lazima kwanza ifahamike jinsi watu wale walivyonyang'anywa. Unyang'anyi haukutokea kwa pupa ya askari mmoja mmoja. Ulikuwa kazi yenye maghala na makarani. Auschwitz kulikuwa na eneo zima la maghala ambalo wafungwa waliliita Kanada, kwa kuwa waliiona Kanada kama nchi ya utajiri. Humo wafungwa walichambua mali za waliofika: makoti upande huu, miwani upande ule, sufuria, magari ya watoto, meno ya dhahabu. Vingi vilipelekwa Ujerumani vikatumiwe na watu wengine. Vilivyokutwa vimebaki ndivyo vinavyoonekana leo katika makumbusho ya pale: viatu vipatavyo 110,000, na masanduku ya safari yapatayo 3,800, mengi yakiwa yameandikwa majina ya wenyewe kwa rangi, kwa herufi kubwa. Waliambiwa waandike ili mizigo isipotee. Waliandika kwa makini, kama watu wanaotarajia kuichukua.

Hadi sasa kuna hifadhi ya nyaraka huko Arolsen, Ujerumani, inayotafuta familia za wafungwa ili kuwarudishia saa, pochi na picha zilizokaa ndani ya bahasha tangu wakati wa vita. Ni kazi njema. Lakini bahasha za Wayahudi humo ni chache, kwa sababu mali za Wayahudi kwa kawaida hazikuwekewa kumbukumbu ili zirudishwe. Zilichukuliwa moja kwa moja. Kwa hiyo manusura Myahudi akikuonyesha pete au picha aliyotoka nayo kambini, kitu hicho hakikubaki kwa kusahauliwa. Kuna mtu aliamua kisichukuliwe, akahatarisha roho yake.

Mwaka 2016, wahifadhi wa makumbusho ya Auschwitz walikuwa wakishughulikia kikombe cha bati lililopakwa rangi ya enameli, kimoja kati ya maelfu ya vyombo vya jikoni vilivyoko pale. Kikombe cha kawaida kabisa, cha aina ambayo kwetu kila mama anacho. Kitako chake kilikuwa kimeanza kuachia kwa kutu, wakagundua chini yake kuna kitako kingine, na katikati ya vitako hivyo viwili kulikuwa na pete ya dhahabu na mkufu uliofungwa ndani ya kipande cha turubai. Mwenyewe hajulikani. Alikaa mahali, pengine usiku, akatengeneza kitako cha pili kwa ustadi kiasi kwamba hakuna aliyekitilia shaka kwa zaidi ya miaka 70. Alitegemea kurudi kukifungua.

Kitabu kilichonishika kuliko vyote ni cha Gerda Weissmann Klein, *All But My Life*, kilichotoka mwaka 1957. Nilikikuta maktaba ya mtaani kwetu. Gerda alizaliwa Bielsko, Polandi, mwaka 1924. Kaka yake Arthur aliondoka nyumbani mwaka 1939, wakabaki watatu: baba, mama na yeye. Juni 1942 wakaambiwa wajiandae kuondoka. Ilikuwa majira ya joto, jua kali, na baba yake akamwambia avae buti zake za kutelezea kwenye theluji. Gerda alipinga. Nani anavaa buti nzito za baridi mwezi wa sita? Baba hakuwa mtu wa kubishana, lakini siku ile alishikilia neno lake, na binti akavaa.

Baba alichukuliwa. Muda mfupi baadaye Gerda alitenganishwa na mama yake. Hakuwaona tena. Yeye alipelekwa kwenye viwanda vya kufuma nguo, kambi moja baada ya nyingine, Bolkenhain, Landeshut, Grünberg. Muda wote huo alikuwa na picha za familia yake, na alizificha ndani ya buti zilezile.

Kisha ikaja Januari 1945. Jeshi la Kisovieti linakaribia, Wanazi hawataki wafungwa wakutwe, wanawaswaga kwa miguu kuelekea magharibi na kusini. Msafara wa Gerda ulikuwa na wasichana wapatao 2,000. Walitembea kwa zaidi ya miezi mitatu, mamia ya kilomita, theluji chini na theluji juu, wakilala mabandani na wakati mwingine nje. Wengi walikuwa na viatu vya mbao au matambara tu. Vidole viligandishwa na baridi, na aliyeshindwa kutembea alipigwa risasi kando ya barabara. Waliofika mwisho hai hawakuzidi 150. Gerda alikuwa mmoja wao. Alikutwa na wanajeshi wa Marekani katika mji wa Volary, Chekoslovakia, Mei 1945, siku moja kabla ya kutimiza miaka 21. Alikuwa na uzito wa kama kilo 31 na nywele zimegeuka mvi. Miguuni alikuwa na buti zile.

Nilimsimulia mama yangu habari hiyo jikoni, kwa Kiswahili, nikitafsiri nilichokisoma. Mama hakusoma shule nyingi, lakini ni msikilizaji. Nilipofika kwenye buti na jua la mwezi wa sita, alinikatiza.

"Baba yake alijua."

"Alijua nini, Mama?"

"Alijua baridi itakapofika yeye hatakuwepo."

Sikuwa nimelisoma hivyo. Nilikuwa nimeona hekima ya mzee na bahati ya binti. Mama aliona mwanamume anayefanya ubaba wake wote kwa siku moja kwa kuwa siku nyingine hana. Tangu hapo ninaposoma habari za manusura hawa huwa nauliza kwanza nani alikitoa kitu, kabla ya kuuliza nani alikitunza. Na karibu kila mara nakuta mzazi au bibi. Mama yake Lily alivua kiatu. Baba yake Gerda alilazimisha buti.

Na bibi yake Krystyna Chiger alifuma sweta. Krystyna alizaliwa mwaka 1935 huko Lwów, mji ambao leo ni Lviv nchini Ukraini. Bibi yake alimfumia sweta la kijani, la mikono mifupi, na baadaye bibi huyo akauawa na Wanazi. Mwaka 1943, geto walimofungiwa Wayahudi wa mji huo lilipokuwa linateketezwa, wazazi wa Krystyna waliwachukua yeye na mdogo wake Paweł wakashuka nao kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji. Walikaa humo miezi 14. Giza, panya, unyevu usiokauka, na mvua ikinyesha juu maji hupanda hadi kifuani. Kundi walilokuwa nalo lilianza na watu zaidi ya 20. Waliotoka hai Julai 1944 walikuwa 10. Aliyewaletea chakula ni Leopold Socha, Mpolandi aliyekuwa mfanyakazi wa kusafisha mitaro hiyo, mtu ambaye ujanani aliwahi kuwa mwizi. Mwanzoni alilipwa. Fedha ya Wayahudi wale ilipokwisha, aliendelea kuja. Mambo ya Socha yanastahili makala yake peke yake, na nimejizuia.

Sweta lile Krystyna alilivaa chini kule. Alipokua akawa daktari wa meno New York, na sweta akalikabidhi kwa Makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi yaliyoko Washington. Ni sweta dogo, la mtoto. Nimeitazama picha yake kwa muda mrefu kwa jicho la mtoto wa fundi: mishono imekazwa sawasawa, shingo imemalizwa vizuri, mkono wa mtu asiyefanya kazi kwa kulipua. Mwanamke aliyelifuma hana kaburi linalojulikana. Kilichobaki cha mikono yake ni mishono hiyo.

Wapo na wengine. Inge Auerbacher, mtoto wa Kijerumani aliyepelekwa kambi ya Theresienstadt mwaka 1942 akiwa na miaka 7, alitoka mwaka 1945 na mwanasesere wake Marlene, aliyepewa na bibi yake. Tena bibi.

Lazima niseme pia juu ya wale ambao hawakutoka na chochote, kwa sababu ndio wengi, na makabati ya makumbusho yanaweza kumfanya mtu adhani kila manusura alikuwa na kidani mkononi. Katika kambi Gerda alikuwa na rafiki, Ilse, msichana wa nyumbani kwao. Siku moja Ilse aliokota tunda moja dogo la rasiberi. Moja tu. Alilibeba mfukoni kutwa nzima, naye ana njaa, na jioni akampa Gerda likiwa limewekwa juu ya jani. Ilse alifia kwenye ule msafara, siku chache kabla ya ukombozi. Tunda haliwezi kutunzwa miaka 70, lakini Gerda alilisimulia hadi uzeeni, majukwaani na mashuleni, hadi alipofariki mwaka 2022. Kuna watu wana sanduku la vitu, kuna watu wana simulizi moja, na siku hizi siwezi kusema kipi kizito zaidi.

Nyumbani kwetu kilikuwa futi. Miaka ya mwanzo kule Nyarugusu tulikuwa na mgao kama wengine wote, unga wa mahindi, maharage, mafuta, chumvi, na mgao ulipocheleweshwa ulicheleweshwa kwetu sote. Mlangoni pa soko alikuwapo fundi mwenye cherehani aliyeivusha kwa namna ambayo hatukuambiwa, lakini hakuwa na futi nzuri; alikuwa anapima wateja kwa kamba yenye mafundo. Akaja kwa mama anunue ya baba. Mama akakataa. Akarudi na bei nyingine, mama akakataa, kisha akamwambia: "Kuuza siuzi. Ichukue asubuhi, niletee jioni, na ukija usije mikono mitupu." Basi ikawa hivyo. Futi ya baba ilikuwa inakwenda kazini asubuhi na kurudi jioni na bakuli la unga au shilingi kidogo, kama vile yeye mwenyewe alivyokuwa akifanya. Yule fundi hakuwahi kulala nayo hata usiku mmoja. Nadhani alielewa anachokishika.

Kwa hiyo niliposoma kuhusu Lily na mkate wake, niliona yeye na mama yangu ni watu wawili wenye hesabu moja: chakula kinahitajika leo, na kitu hiki hakiwezi kwenda. Wenye shibe wanaweza kudhani kutunza kumbukumbu ni kazi ya baadaye, ya baada ya chakula. Manusura hawa walifanya yote mawili kwa wakati mmoja, na nina hakika kwamba kidani kilimlisha Lily kwa namna yake. Mtu aliyeitwa namba mchana kutwa alihitaji kitu kimoja kinachomjua jina. Yeye alikuwa mtoto wa mtu. Aliwahi kupewa zawadi. Kulikuwa na nyumba, na meza, na mama aliyechagua malaika dukani badala ya ua.

Jambo jingine nililolitambua kwao ni ukimya. Wengi walitunza vitu hivyo droo ya chini miaka 30 au 40 bila kuwaambia watoto wao ni vya nini. Walikuwa wamehamia nchi mpya, wanajenga maisha, na wenyeji hawakupenda kusikia. Mara nyingi wajukuu ndio waliouliza. Lily mwenyewe, akiwa na miaka zaidi ya 95, alikaa na kitukuu chake Dov Forman wakaandika kitabu pamoja, na kijana huyo akamrekodi video fupi zilizotazamwa na mamilioni ya vijana. Bibi anaonyesha kidani, kijana anashika simu. Mwaka 2011 Yad Vashem, taasisi ya kumbukumbu iliyoko Jerusalem, ilianza kuwaomba manusura na familia zao nchini Israeli walete vitu walivyonavyo, barua, picha, nguo, vikombe, kabla wenye habari zake hawajaondoka duniani. Kazi hiyo ina haraka yake. Wanaopokea vitu hivyo huuliza maswali mengi: nani alikuwa nacho, alikipata wapi, kilifichwa vipi, nani mwingine alikiona. Kitambaa kisicho na maelezo ni kitambaa, kitatupwa na mjukuu anayesafisha chumba.

Kwetu Maziwa Makuu tunalijua hilo. Makumbusho ya mauaji ya kimbari ya Rwanda yaliyoko Kigali, yaliyofunguliwa mwaka 2004 kwa msaada wa ndugu wawili Waingereza waliokwisha kuanzisha kituo cha kumbukumbu ya Maangamizi ya Wayahudi kwao Nottinghamshire, yana chumba cha picha ambazo familia zenyewe zilileta. Picha za harusi, za kipaimara, za kijana ameegemea pikipiki ya rafiki. Ni picha za sebuleni. Waliobaki walizitoa ukutani kwao ili wengine wazione.

Nami nimeanza. Nimechukua daftari nikamwomba mama anisimulie futi, tangu ilipotoka. Anasema baba aliinunua Bujumbura, kwa Mhindi aliyekuwa akiuza nyuzi na vifungo, kabla hawajaoana. Namba za mwisho zimefutika, za mwanzo zinasomeka, na kuna alama ya kalamu aliyoiweka baba mwenyewe, ambayo mama anadhani ni kipimo cha bega langu nilipoanza shule. Dada yangu anakataa. Anasema ni bega lake, maana ndiye aliyekuwa akipimwa siku ile. Juu ya gauni pia hawapatani: mama anasema lilikuwa la shule, dada anasema lilikuwa la Krismasi, la buluu, na alilililia hadi Kigoma. Nimeandika maneno ya wote wawili, kila mmoja kwa jina lake, na chini yake nimeacha nafasi kwa kaka yetu mkubwa aliyebaki Kigoma. Nimempelekea ujumbe wa sauti kumuuliza anakumbuka nini. Bado hajajibu.